Kitanda cha Verdell Stukes Upande wa Kusini

Ijumaa ile Verdell aliamka kabla ya Hosea, kama alivyofanya kwa miaka hamsini na minne. Safari ya kufika jikoni haikuwa ndefu. Kitanda chao kilikuwa jikoni, kichwa kikiwa chini ya dirisha na miguu ikikaribia kugusa jokofu. Sababu yake itaelezwa. Asubuhi ile walikuwa wameshazoea.

Akabandika uji wa mahindi, ule mzito wa kuliwa kwa uma. Akakaanga mayai manne na nyama ya nguruwe ya chumvi. Hosea alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anatafuta soksi.

"Ya kushoto iko chini ya meza," Verdell alisema bila kugeuka.

"Umejuaje ni ya kushoto?"

"Yenye tundu ndiyo ya kushoto."

Hosea akala. Verdell alikula amesimama, simu kaibana kwenye sikio la kushoto, karatasi ya majina mezani, penseli mkononi. Alikuwa akimpigia Arletha Goins, mwenye miaka themanini na saba, ambaye kila uchaguzi husema haendi na kila uchaguzi huenda.

"Arletha, kesho saa tatu Hosea atakuwa mlangoni kwako... Magoti? Nani kakwambia kura inapigwa kwa magoti?... Haya. Vaa kofia, kuna baridi... Hapana, huyo sikwambii. Kura yangu simwambii hata Hosea, nikwambie wewe?"

Alikata simu, akaweka alama mbele ya jina. Hosea akavaa buti akatoka na ndoo ya mahindi. Banda la kuku lilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye jimbo la Carolina Kaskazini.

"Wasalimie watu wa huko," Verdell alimwambia.

"Salamu hawataki. Wanataka mahindi."

Ndiyo ilikuwa asubuhi yao ya mwisho ya kawaida. Kesho yake ilikuwa siku ya kura, na siku ya kura kwao haikuwahi kuwa ya kawaida. Jumapili Verdell alianguka kanisani, amesimama mlangoni na glavu zake nyeupe akikaribisha watu. Jumatatu kabla ya mchana akafa. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani. Hosea aliuliza kama aliumia. Daktari akasema hapana. Hosea akaondoka na neno hilo, maana hakuwa na kingine cha kuondoka nacho.

Verdell alizaliwa Carolina Kusini, kwenye shamba la pamba la mtu mwingine, mtoto wa sita kati ya tisa. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alimsindikiza mama yake kwenda mjini kuandikishwa kupiga kura. Karani alimpa mama yake kipande cha katiba asome. Akasoma. Akaambiwa aeleze maana. Akaeleza. Karani akasema siyo hiyo. Walikwenda mara tatu, na mara zote tatu Verdell alibaki ngazini ameshika kopo la chakula. Hilo hakulisimulia mara nyingi. Hosea alilisikia mara mbili katika ndoa nzima.

Sheria ilipobadilika Verdell alikuwa na miaka ishirini na moja. Mwaka uliofuata akaolewa na Hosea, ambaye aliacha shule darasa la tatu kwa sababu mashamba yalimtaka. Wiki ya kwanza ya ndoa alimkalisha mezani akamfundisha kuandika jina lake juu ya mfuko wa unga uliopasuliwa. Ilichukua siku nne. Herufi ya S ilimtoa jasho. Siku ya tano wakaenda mjini, wakaandikishwa wote wawili.

Kisha kiwanda cha nyuzi kikaanza kuchukua wanawake weusi, na Verdell akawa miongoni mwa wa kwanza kwenye chumba cha kusokota. Alikaa humo miaka thelathini na mmoja. Kelele za mashine zilichukua sikio lake la kulia. Kiwanda kilipofungwa alipewa saa ya ukutani. Aliitundika, akasema angalau sasa kuna kitu cha kiwanda anachoweza kukisikia kwa sikio moja.

Kura aliifanya kazi yake ya pili. Watu wa kata yake walimchagua mwenyekiti wa kituo upande wa chama cha Demokrati, na hawakumbadilisha kwa miaka thelathini. Kazi haikuwa na ukubwa wowote. Ilikuwa kuwajua watu. Nani ana gari, nani hana. Nani anaumwa. Nani kagombana na mchungaji, kwa hiyo tangazo la kanisani halitamfikia.

Takwimu Verdell hakusomea. Watu aliwasoma kwenye foleni. Siku ya mchujo wa urais, pale chama kinapomtafuta mgombea wake, alisimama mlango wa kituo cha zimamoto akihesabu vichwa.

"Kumi wakipita," alimwambia Hosea, "sita ni sisi. Katika sita, wanne ni wanawake. Katika wanne, watatu nakutajia wanakaa benchi gani kanisani."

Ng'ambo ya mpaka, Carolina Kaskazini, hesabu ilikuwa nyingine. Huko kulikuwa na jiji kubwa lenye mabenki, vyuo vikuu, na vijana waliohamia juzi na mbwa wao. Kumi wakipita, weusi watatu. Tena wa Kaskazini walipiga kura baadaye, Jumanne, wakiwa wamechanganywa na majimbo mengine zaidi ya kumi. Kusini walipiga Jumamosi kabla yake, peke yao, nchi nzima ikiwatazama.

Kwa hiyo wagombea walikuja kwa akina Verdell. Kulikuwa na seneta mmoja mwaka huu wa mwisho. Asubuhi aliongea kwenye chuo kikuu cha Kaskazini kuhusu hewa na bahari. Alasiri ileile, dakika arobaini kwa gari, alikuwa kwenye chumba cha chini cha kanisa lao la New Moriah amevua koti, anakula samaki wa kukaanga kwa vidole, anataja hospitali ya wilaya iliyofungwa. Verdell alimwongezea kabichi.

"Umemwonaje?" Hosea alimuuliza baadaye.

"Anakula vizuri. Tuone kama anasikia."

Watu wa televisheni walikuwa na ramani zao. Walisema Kusini wazee weusi wa makanisani wanaelekea huku, Kaskazini wenye digrii wanaelekea kule, na atakayeshindwa Kusini hatapona. Verdell aliwatazama akikunja nguo. Hakuwapinga. Alisema tu kwamba hao wazee weusi hawaendi kituoni kwa kusukumwa na upepo, kuna mtu anawapigia simu.

Mwaka uliotangulia mchujo huo wa mwisho, mwezi wa Oktoba, ndipo barua ilipokuja.

Tangu kiangazi wapima ardhi walikuwa wakipita na mitambo yao wakitafuta mpaka wa zamani wa majimbo mawili, ule uliowekwa enzi za mfalme wa Uingereza kwa kuchanja alama kwenye miti. Miti ilishakufa. Kwa miaka mingi watu walikadiria tu. Verdell aliisoma barua kwa sauti, maana Hosea alisoma jina lake na alama za barabarani, basi.

"'Nyumba iliyopo kwenye kiwanja hiki sasa itahesabiwa kuwa katika jimbo la Carolina Kaskazini.'"

"Yote?"

"Nyumba yote. Kiwanja nusu."

Hosea alitazama sakafu. Ilikuwa ileile.

Jumapili ile dada yake Hosea, Odessa, alivuka kuja na pai ya viazi vitamu. Odessa aliolewa Kaskazini miaka arobaini nyuma, na tangu hapo yeye na Verdell walitaniana kwa jambo hilo.

"Karibu kwetu, wifi," alisema akiikata pai. "Sasa utapanga foleni na watu waliosoma."

"Wifi, nyie hampigi kura. Nyie mnaitikia. Mnakwenda Jumanne kuthibitisha tuliyosema Jumamosi."

"Utazoea. Mimi nilizoea."

Verdell alivuta sahani yake. Alikula kipande chake mpaka kikaisha. Kisha akamgeukia mumewe.

"Hosea, nyumba hii bado ina magurudumu?"

Nyumba yao ilikuwa ya bati, ndefu kama behewa, ya zile zinazoletwa zikikokotwa na lori na kuwekwa juu ya matofali. Ilikuwa hapo miaka thelathini na kitu.

"Ekseli ipo," Hosea alisema. "Magurudumu niliyatoa."

"Yako wapi?"

"Mawili bandani. Mengine nilimpa Cleophus."

"Mwambie Cleophus ayarudishe. Na ayalete mwenyewe, na lori lake."

Odessa aliweka uma chini. "Wifi. Unahamisha nyumba kwa kura moja?"

"Mbili. Kaka yako naye anapiga."

"Kaka, na wewe unasemaje?"

"Mimi nakula," alisema Hosea.

Ukweli ni kwamba hakutaka. Nyumba ilishakaa chini. Kisima kilikuwa karibu. Na daktari alikuwa ameshamwambia Verdell shinikizo la damu halitaki purukushani. Kesho yake asubuhi, wakiokota kokwa za mti wa pekani zilizoanguka uani, alimwambia.

"Verdell. Kura ni kura. Na huko wanamchagua rais huyuhuyu."

"Najua."

"Basi?"

Verdell alinyoosha mgongo. "Huko sisi ni watatu katika kumi. Mgombea anatupungia mkono akienda kwa wale saba. Huku tuko sita. Huku lazima asimamishe gari. Na hao sita, Hosea, nimewakusanya mmoja mmoja kwa miaka thelathini. Nikiwa mtu wa Kaskazini siwi mwenyekiti wao, si lolote. Nani atampigia simu Arletha?"

"Atapiga mwingine."

"Nani?"

Hosea alifikiri. Aliwapitia wote, benchi kwa benchi. Hakumpata. Mchana akampigia Cleophus.

Daftari la wapiga kura lilikuwa linafungwa siku thelathini kabla ya mchujo, mwisho wa Januari. Kibali cha kuhamisha nyumba kilichelewa. Cleophus Mobley alifika katikati ya Januari, na lori, jeki sita na kofia ya manyoya.

"Bi Verdell," alisema, "nimehamisha nyumba kwa mafuriko, kwa talaka, na mara moja kwa nyoka. Kwa kura bado."

"Basi leo unamaliza masomo."

Verdell aliwekewa kiti uani. Alikaa amejifunika blanketi, saa ya ukutani mapajani, kwa sababu hakumwamini Cleophus na saa. Wanaume wa kanisani walitoa matofali. Umeme ukakatwa, mabomba yakafunguliwa. Nyumba ikainuka, ikalalamika, ikakaa juu ya magurudumu.

Sasa palitakiwa kuonyeshwa mpaka. Wapima ardhi walikuwa wamepigilia vigingi uani, vyenye utepe wa rangi ya chungwa, na juu ya kila kigingi waliandika kitu kwa wino mweusi. Hosea aliviona kila siku. Maandishi pia aliyaona. Angeweza kumwita Verdell, alikuwa hatua ishirini tu pale. Lakini Cleophus alikuwa anamtazama, na wanaume sita wa kanisani, na baridi ilikuwa kali.

"Mpaka ndio hiki?" Cleophus aliuliza.

"Ndio," alisema Hosea.

Lori likavuta. Nyumba ikatambaa kuelekea kusini, upande wa jikoni ukitangulia na chumba cha kulala kikifuata nyuma, mpaka mwisho wake ukapita kigingi. Cleophus aliongeza hatua moja ya usalama. Wakapanga matofali, wakaishusha. Verdell aliingia na saa yake, akaitundika kwenye msumari uleule. Kabla ya jua kuzama alikuwa anakaanga kuku wa watu wote.

Siku nne mvua ikanyesha. Siku ya tano alikuja mpima ardhi mmoja kuchukua vifaa vyake, Mzungu wa makamo anayeitwa Ledford, buti zimejaa tope. Alisimama akaitazama nyumba. Hosea alikuwa anachimba mfereji wa bomba.

"Mzee, nani kaiweka nyumba hapa?"

"Mimi."

"Ulisoma kigingi?"

Hosea aliinamia mfereji. Ledford alimwangalia, akaelewa, akashusha sauti.

"Hivi ni vigingi vya kando. Tunaviweka pembeni ili mashine zisivisukume. Hapa pameandikwa, 'futi ishirini kusini.' Mpaka wenyewe uko kule." Akatembea kufuata ukuta wa nyumba, akafukua majani kwa buti, akaonyesha msumari mrefu wenye utepe wa waridi. Ulikuwa usawa wa mlango wa bafu. "Ulikaribia sana," alisema.

Jikoni na sebule vilikuwa Kusini. Bafu lilikuwa katikati. Chumba cha kulala kilikuwa Kaskazini. Na Cleophus alikuwa ameshakwenda Georgia na lori mpaka katikati ya Februari, na ua ulikuwa tope la kumeza ekseli. Zilibaki siku nane daftari lifungwe.

Hosea alimaliza mfereji. Hakuharakisha. Alipoingia, Verdell alikuwa amepakua maharage na mkate wa mahindi.

"Verdell."

"Nawa kwanza."

Akanawa. Akakaa.

"Verdell, nimekosea."

"Nini?"

"Kigingi. Kilikuwa kimeandikwa. Sikukuita."

Alimweleza yote, futi ishirini, msumari, mlango wa bafu. Verdell alisikiliza ameinamisha sikio lake zima. Hosea alingoja kusemwa. Alitamani kusemwa. Kwa miaka hamsini na minne mke huyu hakuwahi kumcheka kwa kutojua kusoma, na sasa alikuwa na haki ya kufanya hivyo mara moja.

"Jikoni ni wapi?" Verdell aliuliza.

"Kusini."

"Una hakika? Umeonyeshwa?"

"Nimeonyeshwa."

"Na kitanda?"

"Kaskazini."

Verdell alimega mkate, akapangusa sahani. "Meza inasogea kule ukutani," alisema. "Kabati la vyombo linaingia sebuleni. Kitanda kinakaa chini ya dirisha. Kula, maharage yanapoa, halafu unishikie upande wa kichwani, ndio mzito."

Ndivyo kitanda kilivyokuja jikoni.

Kesho yake walikwenda ofisi ya uandikishaji. Binti wa dirishani alitazama anwani kwenye kompyuta.

"Hii inaonyesha uko Carolina Kaskazini, bibi."

"Ilikuwa. Nimehama."

"Umehamia wapi?"

"Palepale."

Binti alimtazama Hosea, kama kuomba msaada. Hosea akatazama dari. Verdell akaomba karatasi, akachora nyumba, akachora mpaka unapita kwenye bafu, akachora kitanda. Alichora na jokofu. Binti akaenda kumwita mkubwa wake, bwana Teague, mtu mrefu wa maneno machache, ambaye alikuwa akimjua Verdell kwa miaka mingi na akimsikiliza kila anapokuja.

"Bi Stukes," alisema, "sheria inaangalia mtu anapolala. Kuchora si kulala."

"Sheria imesema kweli. Njoo uone."

Alikuja Alhamisi, na kamba ya kupimia. Alianzia kwenye msumari wa waridi akapima nje, kisha akaingia akapima ndani. Alipofika jikoni alisimama. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka zimevutwa, na chini yake kulikuwa na kandambili jozi mbili. Sufuria ilikuwa inachemka futi nne kutoka kwenye mto.

"Futi tisa na inchi mbili ndani ya Kusini," alisema Teague. Akaandika. Kisha akamtazama Hosea. "Na wewe, bwana Stukes? Unalala wapi?"

"Anapolala."

Teague alikunja kamba yake. Verdell alimuuliza kama anataka kahawa. Akasema anataka. Hapakuwa na kiti kilichobaki jikoni, kwa hiyo aliinywa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkubwa wa ofisi na koti lake, na hakuna aliyecheka mpaka gari lake lilipoondoka. Hapo Verdell alicheka mpaka akashika jokofu.

Walisaini fomu siku tatu kabla ya daftari kufungwa. Hosea aliandika jina lake lote. Ile S ilikaa sawa.

Hawakujua kama fomu zimepita. Barua ya kuthibitisha haikuja. Cleophus alirudi kutoka Georgia akasema atakuja kuivuta nyumba mwezi wa tatu, ua ukikauka. Verdell alisema hakuna haraka, amezoea kuwa karibu na kahawa. Sasa Odessa anasema kitanda kirudishwe chumbani, si vizuri mgane kulala jikoni. Hosea hajakirudisha.

Wiki ile ya mwisho Verdell alipiga simu tisini na mbili. Hosea anajua kwa sababu alisikia zote. Kwa kila mtu alikuwa na neno lake. Mmoja alimkumbusha hospitali. Mmoja alimkumbusha mama yake. Mmoja alimwambia, "Kama huji, usije kwangu kulalamika Jumanne, mlango utakuwa umefungwa na mimi nitakuwa ndani nakusikia."

Jumamosi walifika kituo cha zimamoto saa moja kasoro, kabla hata bendera haijapandishwa. Magari ya zimamoto yalikuwa yametolewa nje, na ndani, kwenye sakafu ya saruji, kulikuwa na meza mbili na mashine nne. Verdell alivaa kofia ya zambarau. Mbele yake kulikuwa na watu watatu tu. Hosea alimwona akivishika vidole vyake, kimoja kimoja, kama mtu anayevua pete.

Mama wa mezani alifungua daftari kwenye herufi S. Aliteremsha kidole. Akageuza ukurasa. Akarudi.

"Umesema Stukes?"

"Stukes. Verdell."

Kidole kikapanda, kikashuka. Nyuma yao foleni ilishafika mlangoni. Hosea aliwatazama. Alikuwa amefundishwa kutazama. Kumi wa kwanza, sita. Katika sita, wanne. Wote wanne walikuwa wanamwangalia Verdell.

"Wamewaweka mwisho," alisema mama wa mezani. "Walioongezwa wako ukurasa wa nyuma. Stukes, Hosea. Stukes, Verdell. Saini hapa, mama."

Verdell alisaini taratibu, mkono ukiwa umetulia. Alikaa kwenye mashine muda mrefu kuliko Hosea alivyotegemea. Kura alimpigia nani, Hosea hajui mpaka leo. Hakumuuliza, na yeye hakusema.

Nje jua lilikuwa limetoka. Karibu na bomba la maji la zimamoto alisimama msichana wa chuo, Mzungu, kavaa fulana ya televisheni juu ya koti, na ubao wa kuandikia. Kazi yake ilikuwa kuwauliza watu wakitoka, ili jioni wenye ramani waseme nani kampigia kura nani. Alimsogelea Verdell kwa adabu.

"Samahani, mama. Naweza kukuuliza maswali machache? Ni umri, rangi, umesoma mpaka wapi, na kanisani unakwenda mara ngapi. Jina hatuandiki. Tunahitaji kundi tu."

Verdell aliusoma ule ubao kutoka juu mpaka chini, visanduku vyote. Kisha alimwambia yule msichana maneno haya, na Hosea alikuwa kando yake, na hayakupotea hata moja:

"Leo andika jina. Verdell Stukes, kapiga kura Carolina Kusini. Hayo mengine mlishayajua kabla sijaamka. Haya nipishe, binti yangu, nina watu kumi na mmoja wa kufuata majumbani na huyu mzee anaendesha polepole."